Saini Juu ya Bendeji

Sehemu ya saba

Kwa aliyeingia leo nitaeleza kwa ufupi, maana hasira yangu haina subira ya kurudia yote. Naitwa Mosi, mtu wa Zinga. Mdogo wangu Ibrahimu alikuwa bondia. Miaka sita iliyopita, kwenye pambano la Idd huko Kiwangwa, alipigwa raundi nne akatoka ulingoni haoni, na hajaona mpaka leo.

Aliyemfunga mpinzani wake bendeji za mikononi siku ile ni Dadi, mtoto wa shangazi yangu. Ndani ya shashi, vile vitambaa laini vya hospitali, alitia vipande vya bendeji ya hogo, ile wanayofungwa waliovunjika mguu. Ikipata jasho inakuwa jiwe. Bondia yule aliniungamia mwenyewe mwezi uliofuata, kisha akavuka kwenda Msumbiji na hajarudi.

Wiki iliyopita tuliachana nikiwa mlangoni mwa chumba cha kuvalia, Bagamoyo mjini, Idd Pili, saa tisa alasiri. Kifuani kitambulisho cha mkaguzi wa ngumi. Ndani ya chumba Dadi na mwanawe Najim. Mfukoni mwangu kulikuwa na kitu ambacho sikuwaambia ni nini.

Mama mmoja wa Chalinze alinitumia ujumbe kwamba nimsamehe Dadi, mwezi mtukufu umeisha juzi tu. Mama, nakuheshimu sana. Lakini wewe watoto wako wanakuona ukiingia nyumbani.

Kabla ya kuingia chumbani, nina uongo wangu wa kuufuta.

Sehemu ya pili niliandika kwamba kule Kiwangwa Dadi alinifungia mlango nisione anavyofunga bendeji. Ndivyo nilivyomwambia marehemu mama yangu, ndivyo nilivyomwambia Ibrahimu, na ndivyo nilivyowaambia nyinyi. Si kweli. Nilikuwa ndani.

Utaratibu wa ngumi ni huo huo hata kwenye pambano la kienyeji lisilo na kibali kama lile. Kila kona hutuma mtu mmoja chumbani kwa wapinzani akashuhudie mikono ikifungwa. Akiridhika, anatia saini juu ya plasta kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino, ndipo glovu zinavalishwa. Kona ya Ibrahimu ilinituma mimi.

Sasa Dadi ni binamu yangu, na binamu ni mtani. Wa pwani mnajua ninachosema. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia akaote moto.

Nilimkuta anamalizia mkono wa kushoto. Aliponiona akacheka, akaanza kunitania kwa samaki wetu wakavu wa Zinga.

"Karibu, mla ng'onda. Leo nimetia saruji mfuko mzima humu. Kamwambie mdogo wako aandike wosia, na yule jogoo wake mwekundu aniachie mimi."

"Saruji uitoe wapi," nikamjibu, "mtu mwenyewe unalala nyumba ya udongo."

"Hutaki? Haya gusa."

Akamnyoosha yule bondia mikono yote miwili mbele yangu. "Gusa, Mosi. Nakwambia ukweli, usije ukasema binamu yako hakukwambia."

Sikugusa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikatoa makapeni, nikaandika jina langu juu ya ule mkono wa kulia, na chini yake nikaongeza MZEE WA MIHOGO, yaani yeye Dadi, ili nami nisionekane nimeshindwa utani. Dadi akalisoma, akanipiga begani, tukaagana vizuri.

Mkono ule ule ndio uliomkuta Ibrahimu raundi ya pili, ya tatu na ya nne. Chini ya glovu kulikuwa na jina langu.

Hayo sijawahi kuyasema kwa mtu. Nilipokuwa nalala njaa hospitalini Dar, madaktari wakisema mapazia ya macho yote mawili yamechanika, mama aliniuliza mara moja tu: "Ulizikagua zile bendeji?" Nikamwambia nilifungiwa mlango. Akasema Mungu atalipa.

Mama alipofariki, Dadi alikuja msibani kama mtani. Alijifunga khanga ya mama, akachukua mkongojo wake, akawa anatembea uani alivyokuwa akitembea marehemu, akiwagombeza waombolezaji kwa sauti yake. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mtani ana ruhusa. Mimi niliuma meno nikatazama chini, na siku hiyo hiyo nikaamua kwamba nitamtoa Dadi kwenye ngumi akiwa hai, aone inakuwaje mtu kukaa nyumbani na mikono yake.

Nikaingia mafunzo ya ukaguzi. Nikafanya mtihani nikafeli, nikarudia nikafaulu, kamisheni ikanipa leseni. Watu wa Zinga walidhani napenda ngumi. Mimi nilikuwa namsubiri mtu mmoja afike kwenye meza yangu.

Kwa nini sikumshitaki tu? Nimeulizwa hilo kwa ujumbe zaidi ya mara kumi. Kwa sababu swali la kwanza la kamati yoyote lingekuwa: nani alishuhudia mikono ikifungwa?

Basi turudi Bagamoyo.

Mwaka huu Dadi hakuwa tena mtu wa mapambano ya sokoni. Ana leseni ya ukocha, na alikuwa ameomba leseni ya promota, maombi yake yasikilizwe baada ya Idd. Najim, mwanawe wa pekee, miaka ishirini na mmoja, alikuwa anagombea mkanda. Anayekamatwa na mikono iliyotiwa kitu anafutiwa leseni maisha. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka, leseni ya Dadi, ifutwe mbele ya watu wa kwao, siku ya sikukuu.

Na Dadi wa siku hizi alikuwa msafi. Nilimkagua mara tatu miaka hii kupitia wenzangu, sikupata kitu. Basi kama hakuleta hogo mwenyewe, ningemletea mimi.

Hicho ndicho kilichokuwa mfukoni. Vipande viwili vya bendeji ya hogo, upana wa vifundo vya ngumi, nimevikunja ndani ya shashi safi hata ukivitazama huoni tofauti.

Asubuhi tulipangiwa vyumba kwa kura. Mimi niliangukia kando ya ulingo. Chumba chekundu, cha akina Dadi, kilimwangukia mwenzangu Mikdad. Nikamwambia tubadilishane, kando ya ulingo kuna kamera za televisheni na yeye ana mchumba mpya. Hakuuliza mara mbili.

Msimamizi mkuu wa pambano alikuwa Bi Chausiku, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alipoandika mabadiliko yale aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe na huyu Dadi mna undugu?"

"Pwani hii wote tunafahamiana, Bi Chausiku."

"Sikukuuliza kufahamiana."

"Hapana," nikasema. "Hatuna."

Akaandika.

Nilipoingia chumbani, Najim alishuka kwenye benchi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa."

"Idd mubarak. Baba mdogo Ibrahimu hajambo? Jana nilichelewa kumpelekea biriani, nikamkuta ameshakula kwa jirani."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe unakwenda kwa Ibrahimu?"

"Kila Jumapili, ukiwa kazini. Namsimulia mapambano ya wiki, ngumi kwa ngumi. Ananirekebisha." Akacheka. "Anasema mkono wangu wa kushoto mvivu."

Ibrahimu hakuwahi kuniambia. Nawaambieni ukweli, habari ile haikunilainisha. Ilinikera kuliko kitu chochote Dadi alichowahi kunifanyia. Baba anamtoa mtu macho, mtoto anakuja kumpa simulizi na biriani, na mdogo wangu anafurahi. Nikaona wananinyang'anya hata huyo kipofu niliyebaki naye.

Dadi alikuwa kwenye meza, anapanga vifaa. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Alinitazama kidogo, akajaribu.

"Mkaguzi wetu. Naona kamisheni imeishiwa watu mpaka imechukua wala ng'onda."

Utani huo nikaupita, nikaiendea meza.

"Vifaa," nikasema.

Akasogea. Ukaguzi wa vifaa ni kazi ya mkaguzi peke yake, hakuna anayekuja kukuchungulia. Shashi roli mbili, plasta roli moja, mkasi, na vile vipande vya shashi vilivyokunjwa tayari kwa ajili ya vifundo. Nilifungua kila kimoja, nikakiminya, nikakinusa. Vilikuwa safi. Najim alikuwa anafunga kamba za viatu, Dadi anajaza maji kwenye chupa. Nikakohoa, nikatoa kitambaa mfukoni kufuta mdomo, na nilipokirudisha, vipande viwili vya Dadi vilikuwa mfukoni mwangu na viwili vyangu vilikuwa mezani.

Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi miwili.

"Safi," nikasema. "Hivi mmenunua wapi?"

"Duka la dawa la Rajesh," akasema Najim. "Nilikwenda mimi asubuhi, baba alikuwa msikitini."

Ndipo akaingia Pazi, kocha wa bondia wa Chalinze, kuja kushuhudia kwa niaba ya kona yao. Alisalimia, akaegemea ukuta, mikono kifuani, macho kwenye mikono ya Najim. Mtu makini. Nikajisemea, huyu angekuwa ndiye aliyetumwa Kiwangwa, mdogo wangu angekuwa anaona.

Dadi akaanza kufunga. Niseme lipi, jamaa anajua kufunga mkono. Mkono wa kushoto aliuanza kwenye kiganja, akapitisha kati ya vidole, akarudi, hakuna mkunjo. Kisha akachukua kile kipande cha vifundo.

Akasita.

Alisugua ukingo wake kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. Kilikuwa na unga mweupe, kidogo tu, wa kutosha mtu anayeujua. Na katika chumba kile wanaoujua walikuwa wawili.

Akamtazama mwanawe. Najim alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasoma dua.

Sekunde zile nilimngoja Dadi. Naapa nilimngoja. Angesema tu, "Mkaguzi, hiki kina kitu," angekuwa ameniweka uchi mbele ya Pazi. Badala yake alifuta kidole kwenye suruali, akakiweka kipande juu ya vifundo vya mtoto, akaendelea kufunga.

Mnaona? Niliona raha mwili mzima. Miaka sita nilikuwa najiuliza usiku kama ninamchukia mtu aliyekosea mara moja tu akajuta. Kumbe ni yule yule. Akifikiri mwanawe amejitilia hogo, yeye anafunga tu, kijana wa Chalinze na macho yake akajue mwenyewe.

Akamaliza mkono wa pili. Pazi akachukua makapeni.

"Ngoja," nikasema. "Usitie saini."

Nikaushika mkono wa Najim, nikaubonyeza vifundoni. Nikamwambia Pazi naye abonyeze. Akabonyeza, uso ukambadilika.

"Hii nini, Dadi?" akauliza. "Hii nini umemfunga?"

"Mwite Bi Chausiku," nikamwambia.

Bi Chausiku alikuja na mkasi wake mwenyewe na daktari wa pambano. Akaanza kukata. Shashi ikafunguka tabaka kwa tabaka, kikatoka kile kipande, nusu yake kimeshaanza kushika kwa jasho la kijana. Daktari akakivunja ukingo kwa kucha.

"Bendeji ya hogo," akasema. "Akimpiga mtu na hii raundi tatu, sitakuwa na cha kutibu."

Bi Chausiku akavua miwani. Alikuwa na faili mkononi, ndani yake leseni zote mbili, ya ukocha ya Dadi na ya ubondia ya Najim. Nilizitazama mimi kabla yake.

"Nani?" akauliza.

Hapa nilikuwa nimejiandaa. Nilijua Dadi atakana, ataapa kwa Mungu, atamrushia Rajesh wa duka la dawa, atanirushia mimi. Majibu yote nilikuwa nayo.

"Ni mimi," akasema Dadi.

Nilimgeukia.

"Ni mimi, mama," akarudia. "Kijana hajui kitu. Nilivikunja nyumbani. Na si mara ya kwanza. Miaka sita iliyopita, Kiwangwa, nilimfunga mtu hivi hivi, na aliyepigwa ni ndugu yangu wa damu, sasa hivi haoni. Andika yote. Mwanangu muache."

Yalikuwa maneno yale yale niliyoyataka, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi watatu. Nikafikiri, mama, umesikia.

Lakini Najim alikuwa amefumbua macho. Alimtazama baba yake, akaitazama ile hogo, nami nikaona kabisa anavyojumlisha kichwani: kama si yeye mwenyewe aliyeitia, basi ni baba yake.

"Muongo," akasema.

"Najim, nyamaza."

"Anadanganya, Bi Chausiku. Mimi ndiye niliyekwenda dukani asubuhi, muulizeni Rajesh. Yeye alikuwa msikitini. Nilivikunja mimi, nikavichanganya na vyake. Baba hajui."

"Mtoto huyu hana akili timamu leo, ana hofu ya pambano," Dadi akasema haraka. "Ana miaka ishirini na mmoja. Mimi ndiye mwenye historia, nimekwambia mwenyewe."

"Historia ya Kiwangwa ni ya Kiwangwa," akasema Najim. "Hii ya leo ni yangu."

Pazi aliguna, akatikisa kichwa. Daktari akatazama pembeni. Baba anaamini ni mtoto, mtoto anaamini ni baba, kila mmoja anajitia kitanzi kwa ajili ya mwenzake, na aliyeifanya kazi amesimama katikati yao na kitambulisho kifuani.

Bi Chausiku hakuwa mtu wa kuchezewa. Akafunga faili.

"Siwezi kufuta leseni mbili kwa kosa la mtu mmoja," akasema. "Wala siondoki hapa bila kujua." Akanigeukia. "Mkaguzi, wewe ulikuwa chumbani toka mwanzo. Vifaa vilipita mikononi mwako. Baada ya ukaguzi wako, nani kati ya hawa alikwenda mezani akagusa vile vipande?"

Nje mshereheshaji alikuwa anawapigisha watu makofi.

Jibu la kweli mnalijua. Jibu nililokwenda nalo pale pia mnalijua: Dadi. Nililibeba miaka sita. Ningelitamka tu, leseni yake ifutwe, njia ya kuwa promota ifungwe, nirudi Zinga nikamwambie Ibrahimu ameungama. Kijana apone. Ukimwacha Najim, kila mtu chumbani, pamoja na mimi, alikuwa anataka nilitamke.

Nikamtazama Dadi usoni.

Alikuwa ananiomba. Macho yalikuwa yananiomba nimtaje yeye, midomo inatengeneza jina lake mwenyewe. Hajawahi kunitazama vile maisha yake yote. Hakuwa na hofu ya leseni wala ya jela. Alikuwa anataka iwe yeye. Na nikaona kwamba nikimtaja nitakuwa nimempa anachokitaka. Atatoka chumba kile baba mzuri aliyejitolea kwa ajili ya mwanawe, na watu watamsifia mpaka Kiwangwa.

Mimi sikusubiri miaka sita nije nimpe Dadi anachokitaka. Nilikuja kumwondolea kile atakachokitafuta kila asubuhi akiamka.

"Mkaguzi," akasema Bi Chausiku. "Nakusubiri."

"Najim," nikasema.

Kijana akainamisha kichwa, akashusha pumzi, na namna alivyoishusha ilikuwa ya mtu aliyepewa afueni. Alidhani amemwokoa baba yake.

"Una hakika na unalolisema?" Bi Chausiku akauliza. "Huyu hatapanda ulingoni tena maisha yake, na kesi yake itakwenda polisi leo hii."

Dadi akanishika mkono wa shati, mbele yao wote. "Mosi," akasema kwa sauti ndogo. "Mosi, mtoto wa mjomba wangu. Nakuomba."

Bi Chausiku akainua kichwa aliposikia neno mjomba. Nikauona uso wake ukianza kunigeukia mimi, polepole, na bado sikunyamaza.

"Nilimwona kwa macho yangu," nikasema, na Dadi akakaa chini sakafuni.